Tela la futi 26 au la futi 16? Jibu kwa Mama Tumaini wa Mafinga

Swali: Shikamoo fundi. Sisi ni wakazi wa Mafinga: mimi, mume wangu na watoto watatu, wa kiume miaka 13, wa kike 9 na kitindamimba ana 4. Mama mkwe wangu huja kukaa nasi kila likizo ya Juni, na magoti yanamsumbua. Tunataka tela la kulala ili tuzunguke Kitulo, Matema na Ruaha bila kutegemea nyumba za wageni. Gari ni Prado TX ya 2008, petroli, injini ya lita 2.7. Tumeona matela mawili. Moja la Kimarekani, futi 26, liko Dar es Salaam, lina kila kitu hadi bafu, na bei imeshuka. Jingine la futi 16 limetoka Afrika Kusini, liko Tunduma, na muuzaji anasema wanalala wanne. Mume wangu anataka tununue kubwa moja kwa moja tusije tukajuta. Wewe unatushauri nini? Mama Tumaini, Mafinga.

Jibu:

Marahaba, Mama Tumaini. Kamwene, na salamu kwa bibi.

La futi 26 liacheni hukohuko Dar. La Tunduma nendeni mkalikague, na hapa chini nitakueleza mlikagueje, maana udogo peke yake haulifanyi tela kuwa zuri. Hoja ya baba Tumaini usiidharau. Ni hoja ya mtu anayefikiri, ila anafikiri kama anayejenga nyumba. Ukijenga, chumba cha ziada umekilipia mara moja na hakinywi petroli. Tela ni tofauti. Kila futi unayoongeza unaivuta kwenda, unaivuta kurudi, unaipandisha mlima, na wakati wa kushuka unaizuia isikusukume.

Wengi wanaokuja karakana kwangu hapa Mbeya huanza kwa kuhesabu vichwa: tuko sita, tunataka vitanda sita. Mimi huwauliza kwanza ni mlima gani mbaya kuliko yote watakaoupita, na ni gari gani litakalovuta. Upungufu wa vitanda una dawa, hema zipo. Upungufu wa breki kwenye mteremko hauna dawa.

Basi tuanze na milima yenu. Kulileta tu hilo la Dar mtakutana na Kitonga. Mnaijua: unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, halafu kona juu ya kona, bonde upande mmoja, malori yamefuatana yanapanda kama kinyonga. Ukifika juu bado hujafika nyumbani, Mafinga yenu iko juu zaidi. Mkienda Matema mtapanda Uyole hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha mtashuka Tukuyu hadi Kyela kwenye mita 500 hivi. Kitulo ni mita 2,600 na zaidi.

Sasa injini yenu. Ni ya petroli na haina turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 160 na ushee, kipimo cha usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na injini inavuta pumzi pungufu. Kwa hiyo Kitulo robo ya nguvu imeshakwenda. Mnabaki na farasi 120 hivi, na hapo sijataja umri wa gari. Jirani mwenye Prado ya dizeli akiwaambia yeye huvuta tani mbili anapiga mluzi, msibishane naye. Yake ina turbo, haikosi pumzi kama yenu.

Waingereza, ambao wamevuta matela ya kulala kwa miaka mingi kuliko sisi, wana kanuni wanayompa mgeni wa kazi hii: tela likiwa limeshapakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Prado yenu tupu iko kati ya kilo 1,850 na 1,900. Asilimia 85 yake ni kilo 1,600 kasoro kidogo. Kitabu cha gari huenda kikataja namba kubwa zaidi, lakini hiyo ni namba ya mwisho, chuma kisikatike. Haikuandikwa kwa ajili ya mama anayepanda Isyonje na watoto nyuma, ukungu mbele na lori la viazi kisogoni.

Tela la Kimarekani la futi 26, kwa kawaida, likiwa tupu lina kilo 2,300 hadi 3,000. Tupu. Bila maji, bila gesi, bila blanketi hata moja. Likipakiwa ni kilo 3,000 na kuendelea. Yaani tela linalizidi gari kwa zaidi ya tani moja. Hapo gari halivuti tena tela. Barabara ikiinama, tela ndilo linaloamua mwendo.

La futi 16 la aina unayoitaja huwa na kilo 1,000 hadi 1,200 likiwa tupu, na uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa 1,400 hadi 1,600. Msimwulize muuzaji. Tafuteni kibati cha chuma kilichopigwa kwenye chasisi au karibu na mlango, kina namba zote mbili. Mkitoa ndogo kwenye kubwa mtapata haki yenu ya kupakia. Nimeona matela mazuri ya macho ambayo haki hiyo ni kilo 200 tu. Kwa familia ya watu sita, 200 zinaisha kabla hujapakia sufuria.

Niwahesabie. Tangi la maji la lita 80 ni kilo 80, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa, pamoja na chuma chake, ni kama 30. Betri ya kawaida ya ampea 100, kilo 28. Tairi la akiba, jeki na vifaa, 40. Hema na nguzo zake, 40. Viti na meza, 25. Blanketi na magodoro mepesi, 40, na kwa baridi ya Makete, kule Kitulo, mtabeba blanketi, msijidanganye. Chakula na vyombo, 80. Jumla kilo 363. Kama tela tupu ni 1,100 mmefika 1,463, na bado kuna mtu ataongeza kreti ya soda. Ukanda wetu unalijua neno lumbesa, gunia lililojaa kisha likashonewa kilemba juu yake. Tela nalo lina tabia hiyohiyo, mlango ukifunga kila mtu anaona bado kuna nafasi.

Ndiyo maana sipendi maji yasafirishwe tangini kwenye nyanda zetu. Rungwe na Makete maji hayajawahi kuwa shida, jazeni mkifika. Ruaha ni habari nyingine, kule bebeni.

Mniruhusu nisimulie kosa langu, maana halikuwa la mtu mwingine. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nashusha tela la mteja kwenda Matema, tela zito kuliko gari lililokuwa likivuta, na mimi nikijiona dereva. Kutoka Isyonje nikaacha gari katika gia ya nne, nagusa breki kila kona. Kabla ya kufika Tukuyu nikasikia harufu kama ya kucha iliyoungua. Nikaongeza kukanyaga, pedali ikashuka chini laini, kama unakanyaga sifongo. Nilisimama kwa kupunguza gia moja baada ya nyingine na kuegemeza magurudumu ya kushoto kwenye majani ya pembeni. Grisi ilikuwa imeyeyuka na kutiririka juu ya rimu za tela. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi pale wakaniletea maji, wakidhani nataka kuzimwagia. Nikawazuia. Rimu na ngoma za breki zilizopata moto kiasi kile ukizimwagia maji baridi zinaweza kupasuka. Tulilala pale hadi asubuhi.

Madereva wa malori ya TANZAM, barabara kuu ya Dar hadi Zambia, wana kanuni ambayo utingo hufundishwa kabla hajashika usukani: gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Kwa kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, au mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, maana yake ni gia ya pili au ya tatu tangu juu kabisa, kabla kasi haijaingia, na breki unazitumia kwa vipindi, unakanyaga sawasawa halafu unaachia zipoe. Prado yenu kama ni ya gia otomatiki, toeni kwenye D mshushe wenyewe. Na tela liwe na breki zake. Nchi nyingi haziruhusu tela la zaidi ya kilo 750 kuvutwa bila breki zake lenyewe, na mimi kwa milima hii sishushi hata hilo la 750.

Hayo ya Afrika Kusini kwa kawaida yana breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa chake mbele, fimbo iliyo ndani inavuta breki. Hazihitaji waya wala kisanduku. Ubaya wake ni kwamba kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zinakwaruza muda wote na zinapata moto. Simameni njiani. Shukeni, sogezeni kiganja karibu na rimu bila kugusa. Mkihisi joto la jiko, pumzikeni nusu saa, watoto wanunue parachichi.

La pili baada ya uzito wote ni uzito wa pua, yaani ule unaoegemea kwenye tobaa ya gari, kile chuma cha nyuma cha kuvutia tela. Ukiwa mdogo mno, mkia wa tela unacheza, na basi likiwapita kwa kasi linaanza kuyumba kulia kushoto hadi linawatoa barabarani. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa kitako, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki. Wamarekani hupanga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Kwa lile la futi 26 hiyo ni kilo 300 hadi 450, sawa na kuweka magunia matatu au manne ya viazi juu ya bampa ya nyuma kabla bibi hajapanda. Kwa la futi 16 lenye kilo 1,400 mimi natafuta 100 hadi 130, mradi isivuke kilichoandikwa kwenye kichwa cha tela na kwenye tobaa. Mengi ya matela haya yameandikwa 100, na hapo 100 ndiyo mwisho wenu.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Azimeni ile mizani wanayopimia magunia sokoni. Tela likiwa limepakiwa kama mnavyosafiri, magurudumu yamewekewa mawe, simamisheni kipande cha ubao juu ya mizani, kirefu kiasi kwamba kichwa cha tela kikiegemea juu yake kinakuwa kwenye kimo kilekile cha tobaa. Someni. Kisha fanyeni mchezo huu na mtoto wenu wa miaka 13, ataupenda: chukueni dumu la lita 20 la maji, mliweke kwenye kabati la nyuma kabisa, mita mbili hivi nyuma ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Pua itapungua kilo 12 hivi. Dumu moja tu. Kutokana na hapo hakuna atakayewashawishi kurundika mizigo nyuma. Vizito viwe sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Kabati za juu ni za nguo na mikate.

Urefu sasa. Prado na tela la futi 26 vikiunganishwa vinakaribia mita 13. Hiyo ni basi kubwa, ila basi lisilopinda katikati lina nafuu, lenu litapinda na kukata kona kwa ndani. Barabara ya Chimala kwenda Matamba wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Hapo simpitishi mtu na tela la aina yoyote, hata la futi 16. Mkitaka Kitulo na tela, piteni Isyonje na Kikondo, wakati wa kiangazi. Mkitaka kuziona hizo kona, acheni tela Chimala mpande na gari peke yake, mandhari ya bonde la Usangu kutoka juu inastahili. Kuna pia matuta ya vijijini. Tela refu lina mkia mrefu nyuma ya ekseli, na tuta likiwa limejengwa na mtu mwenye hasira, mkia unakwaruza lami. Kwenye vivuko vya barabara za vumbi hali ni hiyohiyo. Na mmepima geti la nyumbani? Si upana tu, na nafasi ya kukata kona kutoka barabarani. Kuna mteja wangu hapa Mbeya analaza tela lake kwa shemeji yake kwa sababu ya nguzo moja ya geti.

Vumbi lina adabu yake pia. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, ni zaidi ya kilomita 100, na pale lami inapoisha makunyanzi ya barabara hutikisa kila kitu. Tela kubwa la Kimarekani limejengwa kwa ajili ya barabara laini za kwao. Kuta zake zimeshikwa kwa stepuli na skrubu nyembamba, na kila mita ya ziada ya ukuta ni mita ya ziada ya kulegea. Baadhi ya matela ya Afrika Kusini yamejengwa kwa ajili ya changarawe, yako juu, springi nene. Si yote. Chungulieni chini: ekseli ikiwa inakaribia ardhi kuliko ya Prado yenu, hilo ni la lami.

La Dar lina mambo mengine ambayo hayahusu ukubwa ila ni lazima niyaseme. Umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 230, kwa hiyo mkilichomeka kwa TANESCO bila transfoma mnachoma friji na kila kitu. Breki zake huwa za umeme, zinahitaji kisanduku cha kuziongoza ndani ya Prado. Mlango uko kulia, kwa sababu Marekani wanaendesha kulia na mlango unafungukia majani. Kwetu utafungukia barabarani, malori yanakopita, na mna mtoto wa miaka minne. Halafu tufe la tobaa: lao la inchi mbili ni milimita 50.8, la Afrika Kusini ni 50. Tofauti ni ndogo kama ukucha, lakini kichwa cha Kimarekani juu ya tufe la 50 kinacheza, na kinachocheza siku moja kitaruka. Bei kushuka si ajabu.

Tobaa yenyewe, kama Prado haina, ifungwe kwa bolti kwenye chasisi. Fundi akisema ataichomelea kwenye bampa, aganeni naye kwa heshima muondoke.

Sasa vitanda, jambo lililowaleta. Muuzaji akisema wanalala wanne, muulizeni wangapi wanalala bila kuvunja meza. Matela mengi yanahesabu meza ya chakula inayoshushwa kuwa kitanda. Inawezekana, lakini kila usiku mnabomoa sebule na kila asubuhi mnaijenga, na mvua ikinyesha hakuna pa kukaa hadi wa mwisho aamke. Mimi nahesabu kitanda kile kinachobaki kitanda mchana na usiku. Jingine: futi zinazotangazwa mara nyingi zinaingiza na ule ulimi wa chuma wa mbele, ambao ni mita moja na kitu. Futi 16 ni mita 4.9, mkitoa ulimi sanduku la kuishi ni mita 3.7 hivi.

Kwa hiyo fanyeni hivi kabla hamjapanda basi la Tunduma. Chukueni majivu ya jikoni, mchore uwanjani mstatili wa mita 3.7 kwa 2.1. Ndani yake choreni kitanda cha mita 1.9 kwa 1.3 upande wa nyuma, kabati na jiko upana wa nusu mita ukutani, meza mbele, na mlango kushoto. Wekeni viti. Kuleni chakula cha jioni humo watu wote sita, na yeyote anayetaka kutoka apite mlangoni, marufuku kuruka majivu. Mtaona ni nani anamkanyaga nani. Mtaona bibi akitaka kwenda msalani usiku atamruka nani. Jioni moja ya majivu itawaambia mengi ambayo mimi siwezi.

Nadhani mtakachokiona ni kwamba humo ndani wanakaa wanne kwa raha: bibi, nyinyi wawili na mdogo. Bibi apewe kitanda kisichovunjwa, kilicho karibu na mlango, na ngazi ya tela iongezwe kipandio cha mbao ili hatua isizidi sentimita 20, na mpini wa kushika. Nunueni choo kidogo cha kubeba, kile cha ndoo mbili, kiwekwe ndani usiku. Kwa magoti yake hicho kina faida kuliko bafu zima la futi 26. Nyinyi wawili na mdogo mtachukua kitanda cha meza, ndiyo, mtakuwa mnakijenga. Bibi asipokuwepo mnahamia chake.

Watoto wakubwa wawili walale hema. Hema zuri lenye sakafu iliyoshonwa, liunganishwe na kivuli cha tela ili mlango wao uangalie wenu. Kijana wa miaka 13 hata mkimpa kitanda cha dhahabu ndani ya tela ataomba hema, na akifika 16 hatakuja kabisa, atabaki Mafinga na marafiki zake. Mnanunua tela la miaka kumi, na hamtabaki sita kwa meza moja miaka kumi. Isipokuwa Ruaha: kule wanyama wanapita kambini usiku, kwa hiyo wote ndani na mbanane, au chukueni banda la hifadhi kwa usiku huo. Watoto hemani peke yao Ruaha hapana.

Msimu nao unabadili hesabu. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, mnaishi nje, tela ni chumba cha kulala tu na futi 16 zinatosha mno. Maua ya Kitulo, ambayo ndiyo yaliyofanya ile bustani iwe hifadhi ya taifa mwaka 2005, yanachanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mkienda wakati huo mtakaa ndani mchana kutwa mkicheza karata, na majivu yale yatakuwa madogo. Hata hivyo sirudi kwenye futi 26. Nendeni watatu watatu, au msilale, panda asubuhi ushuke jioni.

Na baridi. Juni na Julai Kitulo usiku hushuka chini ya sifuri, na kwenu Mafinga mnajua watu wanavyojipasha moto. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya tela, hata kwa dakika tano za kupasha miguu ya bibi, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Makaa hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na sanduku la mita 3.7 linajaa upesi. Mnalala na hamuamki. Wekeni chupa za maji ya moto miguuni, blanketi mbili chini ya godoro (baridi hupanda kutoka chini), na dirisha moja liachwe wazi upana wa vidole viwili. Mtaamka kuta zimelowa jasho la pumzi zenu, futeni kwa kitambaa.

Tunduma sasa. Mkifika msianze na mapazia. Bonyezeni kuta za ndani kwa kidole gumba, hasa kona za chini na pembeni mwa madirisha. Panapobonyea kama mkate uliolowa, mbao za ndani zimeoza, na hiyo hatuitengenezi kwa bei yoyote ya maana. Lala chini na tochi uangalie chasisi kama imewahi kuchomelewa. Mshono mmoja safi si kesi, lakini rangi mpya sehemu moja tu mniulize kwanza. Kwenye matairi kuna namba nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela huzeeka limesimama, kashata yake, ile michoro ya juu, inaweza kuwa nzuri na ndani limekauka, kwa hiyo zaidi ya miaka sita hesabuni kununua mapya. Angalieni bolti za gurudumu kama ni sita na kama rimu ya Prado inaingia, mkibahatika tairi moja la akiba litatosha vyote viwili. Vuteni breki ya mkono ya tela na msukume kwa nguvu. Hati za forodha ziwe na namba ileile ya chasisi iliyo kwenye kibati, herufi kwa herufi, maana tela husajiliwa na kupata namba zake lenyewe kama gari.

Mkiwa na kibati hicho mbele yenu, nitumieni picha yake na picha ya uvungu kabla hamjatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Na mwambieni baba Tumaini apime lile geti.